Ombasha Mbaruku Atafuta Mshitaki

Wakati wa Mdachi, boma la Dodoma lilikuwa na askari polisi mmoja mbovu wa shabaha kuliko wote, jina lake Mbaruku bin Hamidi, na wa kwanza kukupasha habari hiyo alikuwa Mbaruku mwenyewe. Hakuificha hata kidogo. Ukimkuta amekaa kwenye jamvi la muuza kahawa, tarbushi limeangukia sikioni, angekueleza jinsi walivyomfundisha kufumba jicho moja anapolenga, naye akafumba yote mawili, kwa kuwa aliona kumkodolea mtu macho si adabu. Angekueleza habari za boga lililowekwa juu ya kichuguu liwe shabaha yake. Wenzake walipasua ya kwao, lake likabaki pale pale mpaka likaoza, na Mbaruku alishikilia kwamba boga lile halikuuawa, lilikufa kwa maradhi. Watu walicheka hadi wakamwaga kahawa, na yeye alicheka kuwashinda.

Shaushi Athuman, mkubwa wake, mtu mkavu asiyejua mzaha, alimwambia siku moja mbele ya kikosi kizima kwamba siku akitaka kujiua aombe mtu wa kumsaidia. Mbaruku aliibeba kauli ile akaizungusha mji mzima, akaitia na chumvi yake. Boma lilimweka kwa sababu nyingine. Alikuwa na mwili wa kujaza sare, sauti ya kufika ng'ambo ya bonde, na Kigogo kilichonyooka, maana alizaliwa Kilimatinde katikati ya Wagogo hao hao.

Baba yake, mzee Hamidi, alitoka Unyamwezi na pembe ya ndovu begani, akaumwa mguu njiani, msafara ukamwacha Kilimatinde, Wagogo wakamnywesha uji wa uwele mpaka akasimama. Hakurudi kwao tena. Kwa hiyo Mbaruku alikuwa Mnyamwezi aliyezaliwa Ugogo, na mtu wa namna hiyo, kama hujui, amezaliwa ndani ya utani. Enzi za misafara Mnyamwezi alipita Ugogo na kiu yake, na Mgogo amekalia kisima anataka hongo. Waligombana wee, wakaumizana, wakachoka, mwisho wakakubaliana kutaniana. Basi mtani anakutukana, anamtukana na mama yako, anaichukua shuka yako mchana kweupe, na huna pa kumpeleka. Ukimshitaki, wazee watakucheka wewe. Na mtani wako akifiwa, ni wewe wa kuchimba kaburi, ni wewe wa kuwatukana wafiwa mpaka wacheke na machozi yangali mashavuni.

Watani walikuwa wengi, ila wa Mbaruku hasa, wa kutafutana kwa hamu, alikuwa Chidawali wa Bahi, mwembamba mrefu mwenye meno ya mbele yaliyopishana, mkulima wa uwele na mwenye ng'ombe kiasi. Mbaruku akipelekwa Bahi kwa kazi ya boma, lazima apite kwake.

"Mtumwa wetu umefika?" Chidawali angesema akiwa bado hajainua uso. "Baba yako alikunywa maji yetu hakulipa. Pita, kakae huko kwa ndama, wenzako."

"Nimekuja kuwatazama watumwa wangu," Mbaruku angemjibu. "Naona mmekonda. Kwani mlenda umekwisha?"

Kisha angegeukia kwa mama yake Chidawali, bibi mfupi mwenye ulimi wa pilipili, amuulize kama bado hajafa, maana yeye Mbaruku amechoka kungoja nyama ya matanga. Mama Chidawali angemfukuza na mwiko, akimtajia ukoo mzima mpaka kwa babu aliyezikwa Unyamwezi, na mwisho angempa bakuli la ugali kubwa kuliko la mwanawe. Hata mke, Mbaruku alipatiwa na Chidawali. Ndiye aliyempeleka kuposa kwa jirani yake, kwa baba wa msichana aliyekuja kuitwa Stara baada ya kuolewa, na ushenga wenyewe aliufanya hivi: "Nimewaletea mtumwa. Mkubwa, ila hali sana. Bunduki yake msiiogope. Ikitolewa, nyinyi kaeni mbele yake, ndipo penye usalama. Wanaoumia ni wa pembeni."

Maneno hayo yakashika. Bahi yote ikawa inayasema. Mbaruku akipita na bunduki yake begani, watu wazima na akili zao wanaacha kivuli wanakuja kusimama mbele yake, wanashukuru Mungu kwamba wamesalimika. Yeye huyo alikuwa akifurahi kuliko wao. Wenzake walikuwa wakipokewa Bahi kwa milango kufungwa na mbuzi kufichwa, yeye anapokewa kwa vicheko, na alijiona mjanja sana.

Sasa mwaka ule reli ilikuwa imeshapita Dodoma inakwenda magharibi, na kule Bahi, penye bonde la maji, mvua kubwa ikabomoa tuta. Boma likataka watu wa kubeba udongo. Mvua hiyo hiyo iliyobomoa tuta ndiyo watu wa Bahi waliyokuwa wakiingojea wapande, kwa hiyo jumbe alipopiga mbiu hakutokea mtu. Bwana Shauri, ndivyo alivyoitwa Mdachi mkubwa wa boma, akamtuma Shaushi Athuman na askari kadhaa wawatoe mashambani, na Mbaruku akawa mmoja wao, kwa ajili ya ile sauti yake.

Waliwakuta karibu na tembe la Chidawali. Wanaume walisimama na majembe yao, wengine na fimbo za kuchungia, wanawake nyuma yao. Hapakuwa na vita. Walikuwa wamekataa tu kuondoka, kama ng'ombe anavyokataa mlango asioujua. Mbaruku akapiga kelele kwa Kigogo mpaka sauti ikakwaruza. Wakamwitikia vizuri, wakamwuliza habari za mkewe, na hawakusogea.

"Mbaruku," Shaushi akasema, "piga moja juu, waamke."

Zile bunduki za polisi zilikuwa za kizamani, risasi moja moja, na moshi mwingi hata mpigaji mwenyewe anapotea. Mbaruku akaielekeza mbinguni. Hapo Chidawali akachomoka katika kundi, jembe begani, meno yake yaliyopishana yote nje.

"Si huko, mtumwa. Huko kuna ndege wa watu, utawatia hofu bure. Lenga hapa." Akajigonga kifuani. "Hapa ndipo salama. Jamani, njoni mjipange nyuma yangu, mtu asiumie."

Bahi nzima ikaangua kicheko. Askari mmoja naye kicheko kikamponyoka. Kweli wengine wakaja kujipanga nyuma ya Chidawali, wakishikana mabega, na mama yake huko nyuma akawa anapiga vigelegele kama yuko harusini. Na Mbaruku naye akacheka. Mtani hakubali kushindwa mbele za watu, si kawaida, na jibu lilimjia upesi. Akaishusha bunduki kutoka mbinguni, akaielekeza kwenye kile kifua, akafumba macho yote mawili ili watu waone kwamba ameyafumba, akasema kwa sauti yake ile ya kufika ng'ambo: "Muage mama yako, mtumwa."

Akavuta. Alikuwa ameamriwa apige, naye alipiga. Kwamba risasi itamkosa Chidawali alikuwa na hakika nalo kuliko alivyokuwa na hakika ya chakula cha jioni.

Moshi ukafunika kila kitu, na ndani ya moshi watu waliendelea kucheka, maana mzaha ulikuwa mtamu na walidhani haujaisha. Mama Chidawali alicheka kupita wote, kwa kuwa alikuwa nyuma kabisa. Moshi ulipoondoka, Chidawali alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, mkono kifuani, anamtazama Mbaruku kwa mshangao.

"Leo umepata, mtani," alisema, na akalala.

Kicheko kilikatika mstari kwa mstari kuelekea nyuma, mpaka kikamfikia yule bibi. Haikuhitajika risasi ya pili. Wanaume wa Bahi waliweka majembe chini, wakaenda kubeba udongo wa tuta.

Mbaruku alirudi Dodoma akijua atanyongwa. Aliona ni haki yake. Mdachi alikuwa akinyonga watu kwa makosa madogo kuliko lile, na Mbaruku mwenyewe aliwahi kushika kamba. Asubuhi walipoitwa barazani kwa Bwana Shauri, alikuwa amemwachia Stara maagizo yote, hata nani arithi tarbushi.

Bwana Shauri alikaa kwenye kiti chake, kahawa mbele yake, akaanza na Shaushi.

"Uliamuru apige?"

"Niliamuru, bwana."

"Wale watu walikuwa na silaha?"

"Majembe na fimbo, bwana."

"Yule aliyekufa alikuja mbele?"

"Alikuja, bwana."

Yote yalikuwa kweli, hapakuwa na uongo hata mmoja, na Mbaruku akiyasikia yakipangwa hivyo akashindwa kulitambua jambo alilolifanya yeye mwenyewe.

"Askari anayepiga akiwa kazini, kwa amri, hana shauri la kujibu," Bwana Shauri akasema kwa Kiswahili chake kigumu. "Yule mtu alijitakia. Imekwisha."

"Bwana," Mbaruku akasema, "hakuja kwa ubaya. Alikuwa akinitania. Nami nilikuwa nikimtania."

"Kwa bunduki?"

"Naam, bwana. Mimi sijui kulenga. Niliielekeza kwake kwa sababu sijui kulenga. Waulize wote."

Bwana Shauri akawatazama askari wote, nao wakatazama vidole vyao vya miguu. Kisha akamtazama Mbaruku kwa makini, akaanza kucheka, maana Wadachi nao wanacheka.

"Risasi moja, mtu mmoja, katikati ya kifua, na unaniambia hujui kulenga?" Akaacha kucheka. "Sikiliza. Askari anayepiga ovyo, anayecheza na bunduki ya serikali, anapata hamsa ishirini na anavuliwa sare. Sasa nakuuliza. Ulipiga ovyo, au ulilenga ukapata?"

Shaushi Athuman akamkanyaga mguu. Hamsa ishirini ni viboko ishirini na vitano juu ya pipa, na Mbaruku aliwahi kuona walivyoamka nazo wenzake, wengine hawakuamka. Alimfikiria Stara. Alifikiria mgongo wake, mpana kama ulivyo, utakavyokuwa.

"Nililenga, bwana," akasema. "Nikapata."

"Basi, imekwisha."

Haikupita muda akashonewa alama ya cheo kwenye mkono wa koti, akawa ombasha. Mbovu wa shabaha kuliko wote alipandishwa cheo kwa shabaha. Akaenda zake kwenye jamvi la kahawa akiwa na neno lake tayari, maana alikuwa na mazoea ya kuyachekea mambo yake kabla wengine hawajamwahi, akawahadithia tena habari ya boga lililokufa kwa maradhi. Watu wakasikiliza mpaka mwisho. Kisha muuza kahawa akamwongezea kikombe, akasema, "Bwana ombasha anajishusha tu," na wote wakaitikia kwamba ndiyo, anajishusha, mtu mkubwa ana haki ya kujishusha. Mbaruku akanywa kile kikombe kikamuunguza ulimi.

Akawaza, huyu Mdachi hajui mila zetu, lakini Wagogo wanazijua. Kwao mtu akimwua mtu, ukoo unataja ng'ombe, ng'ombe wanatoka, watu wanakula pamoja, na muuaji anarudi kuwa mtu. Alikuwa na mtamba wake mmoja mweusi aliyemtunza kwa mkwewe. Akamfunga kamba, akampeleka kwa Matonya, kaka yake Chidawali, mchana watu wakiona.

Matonya alikuwa akitengeneza boma la ng'ombe. Alipomwona aliacha miiba, akajifuta mikono, akainamisha kichwa.

"Mbukwa, bwana ombasha. Karibu. Jamani, mleteeni bwana kigoda."

Mbaruku hakuwahi kupewa kigoda katika nyumba hiyo tangu aanze kuingia. Alikuwa akikinyang'anya. Akakikalia kwa shida, ukubwa wake wote.

"Matonya," akasema, "sikuja kukaa. Nimemwua ndugu yako. Taja ng'ombe. Huyu ni mwanzo."

"Jumbe ametutangazia maneno ya boma," Matonya akasema taratibu. "Bwana ombasha hana shauri. Atakayemdai ng'ombe atapigwa kiboko."

"Hudai. Naleta mwenyewe. Mpokee kimya kimya."

"Tena hata kwa mila zetu wewe huna shauri, bwana. Mlikuwa mkitaniana, watu wote waliona. Mtani hashitakiwi. Serikali imekuachia, mila imekuachia. Una bahati."

Hakusema kwa kejeli. Mbaruku aliitafuta kejeli ndani ya maneno yale kama mtu anayetafuta sindano mchangani, na angeipata angemshukuru Mungu. Akainuka, akamfunga mtamba kwenye nguzo, akaondoka mbio mbio asije akarudishiwa.

Ng'ombe alirudishwa. Matonya alimleta yeye mwenyewe mpaka Dodoma, amemwosha, amemvisha kamba mpya, akasimama barazani kwa Bwana Shauri akasema kwamba ng'ombe wa serikali alipotea Bahi nao wamemrudisha salama. Bwana Shauri akauliza ni uzembe wa nani. Mbaruku akatoka mstarini. Akapewa kazi ya kusafisha vyoo vya kikosi mwezi ule mpaka uishe, na akiwa huko na ndoo yake alijiambia kwamba kwa Mdachi kumwua mtu ni cheo, kumpoteza mtamba ni mavi. Lilikuwa neno zuri la jamvini, mojawapo ya mazuri aliyowahi kuyapata. Hakulipeleka jamvini.

Stara alimtazama muda wote huo. Alikuwa mtoto wa Bahi, Chidawali alimbeba mgongoni akiwa mdogo. Siku moja akasonga ugali, akamtengea, akakaa mbele yake.

"Wanamaliza matanga ya Chidawali," alisema. "Watani wote wameitwa. Nenda."

"Kaburini sikuitwa. Walichimba wenyewe."

"Nenda hivyo hivyo. Mtani haalikwi. Usiende na koti la serikali. Ingia uwatukane kama zamani. Mama Chidawali akikutukana, hata neno moja, basi yamekwisha. Ataendelea kumlilia mwanawe moyoni, lakini utakuwa umerudi."

"Na asiponitukana?"

Stara akachovya tonge lake kwenye mlenda.

Akaenda. Alivaa kanzu kuukuu ya marehemu baba yake iliyombana makwapa, bila bunduki, bila tarbushi, kofia ya ukindu kichwani. Kutoka mbali alisikia kelele za uani, akaongeza mwendo, maana zilikuwa kelele za utani. Kulikuwa na Mnyamwezi mmoja, Abbasi, mfanyakazi wa reli, amejifunga shuka ya Chidawali, anatembea kwa mikogo yake, ameupinda na mdomo ili meno yapishane. Amepora mwiko kwenye chungu, anasema hatautoa mpaka apewe huyo bibi amwoe. Mama Chidawali alikuwa akimkimbiza kuzunguka jiko, anamwita mla panya, anamwita mwana wa mpagazi aliyekimbia mzigo, na huku analia, na huku anacheka, na wanawake wanamshika asianguke. Mbaruku akasimama langoni akitamani kuwa Abbasi kuliko alivyowahi kutamani kuwa kitu chochote.

Akaingia. Abbasi akasimama. Kelele zikafa. Mwiko ukarudishwa kwenye chungu taratibu.

"Mbukwa, bwana ombasha," wakasema wote pamoja.

Kigoda kikaja. Maziwa yakaja katika kibuyu kizuri. Mbaruku hakukaa wala hakunywa. Akajitia ujasiri, akapanua mdomo.

"Wewe kikongwe, bado unapumua? Nimekuja kula nyama yako."

Mama Chidawali akapiga goti dogo.

"Bado, bwana. Mungu hajapenda."

"Watumwa wangu nyinyi, wauza maji, mnanuka mlenda mpaka Unyamwezi."

"Ndiyo, bwana."

Akatazama huku na huku, akaona kuku anachakura kando ya jiko, akamrukia. Mtani akija msibani huchukua kuku, na wenye kuku humrukia yeye, ndivyo ilivyo. Kuku akamponyoka. Mbaruku akamfukuza uani kote, kanzu imempasuka kwapani, akipita chini ya ngozi zilizoanikwa, akajikwaa kwenye kinu, akaanguka chini mzima mzima mpaka vumbi likamwingia kinywani, kofia ya ukindu ikabingirika mpaka miguuni kwa Matonya. Siku zilizopita kwa anguko lile watu wangeugua mbavu. Matonya akaiokota kofia, akaipangusa, akamletea kwa mikono miwili. Abbasi alikuwa ametazama pembeni.

Mwisho alimkamata. Akasimama katikati ya ua na kuku wake, anahema, akingoja. Fimbo, mwiko, jiwe, tusi, chochote.

Mama Chidawali akasema neno na mkwewe mmoja. Yule mwanamke akaingia ndani akatoka na kuku mwingine, mkubwa, wakamfunga miguu kwa kamba, na bibi akamleta yeye mwenyewe, amemshika vizuri kwa mikono miwili, kama ilivyokuwa desturi ya kila nyumba askari wa boma wanapopita kijijini.

"Mchukue na huyu, bwana ombasha. Huyo uliyempata ni mdogo."

"Mama," Mbaruku akasema, na sauti yake kubwa ilikuwa imebaki kidogo tu, "sikuja kiaskari."

"Tunajua, bwana."

"Nimekuja kwa utani."

"Ndiyo, bwana. Asante kwa kuja."

Akamweka kuku wake chini amwachie aende. Wakamkamata kwa ajili yake, wakamfunga miguu, wakamrudishia. Akashika kuku wawili, mmoja kila mkono, akatoka. Nyuma yake uani palikuwa kimya. Alipofika mbali kidogo akasikia mwiko umeporwa tena, na sauti ya yule bibi ikipanda, ikimtaja mla panya.

Alifuata tuta la reli kurudi. Alijaribu kujitukana mwenyewe njiani, akafanya sauti ya Chidawali, "Mtumwa wetu, hata kuku wanakukimbia," na akajijibu, na akaendelea hivyo kwa mwendo mrefu, mpaka wanawake waliobeba kuni walipomwona wakashuka tuta kumpisha, wakamsalimu wakiwa wameinama. Akanyamaza.

Stara alikuwa mlangoni. Akaona vumbi, akaona kanzu iliyopasuka, na uso wake ukaanza kufunguka kwa furaha, kisha akaziona zile kamba za miguuni.

"Amekutukana?"

"Ameniambia asante kwa kuja."

Stara akawapokea kuku, akachuchumaa, akaanza kufungua fundo.

"Basi nitukane wewe," Mbaruku akasema. "Wewe ni mtoto wa kwao. Neno moja tu, nitalihesabu kuwa lao."

Stara akainua uso, akamtazama mumewe vile alivyosimama, mkubwa na kanzu fupi ya baba yake. Akajaribu.

"Mtumwa wetu," akaanza, na sauti ikamkatika. Akajaribu tena, ikamkatika pale pale. Akakaa chini penye kuku, akajifunika uso kwa khanga, akamlilia Chidawali, na Mbaruku akabaki amesimama akingoja amalizie.